Hodi Tatu Ghalani

Jumatatu, 3 Juni

Dada Nyundo,

Kabla sijakusalimu, niambie kwanza kwa nini hutaki kuzungumza nami kwenye simu. Nimekupigia mara mbili kupitia duka lililo jirani na kiwanda chenu cha kokoto. Mara zote mbili mwenye duka alikuita, ukaja, ukasema, "Halo? Halo? Nani?" kisha ukakata, mimi nikabaki najibu hewa. Kama umenikasirikia, sema. Kama laini ni mbovu, basi tuendelee na barua, angalau barua haikatiki katikati.

Sasa shikamoo, dada.

Leo mama amekuja ofisini kwetu. Nilikuwa nimekaa kwenye dirisha la malalamiko, mahali pangu pa kila siku tangu waniajiri kwa majaribio. Nikamwona kwenye foleni, amevaa gauni lake la kutokea, mkoba kifuani. Nilidhani kuna msiba. Zamu yake ilipofika akaweka mkoba juu ya meza, akanitazama kama vile hajawahi kunizaa.

"Nimekuja kulalamikia kelele," akasema.

Nikamnong'oneza, "Mama, kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani ni nyumbani. Hapa ni ofisini. Wewe si ndiye karani? Andika."

Kila mwanamke anayesimama pale dirishani huitwa mama, kwa hiyo wenzangu hawakugundua lolote. Nikaandika. Akasema nyuma ya nyumba yake kuna ghala kuukuu, kila Jumapili alasiri vijana wanapiga humo muziki wa panki, wanapayuka kama watu wanaong'olewa meno bila ganzi. Anataka lifungwe.

"Lifungwe kwa muda, mama, au..."

"Lifungwe kama kinywa cha maiti."

Ilinibidi niulize jina la kikundi, ndio utaratibu. Akaniangalia machoni. "Wanajiita Msumari Moto. Mpiga besi wao ni mrefu, mwoga, na hajawahi kumaliza chakula sahanini." Tarishi wetu alicheka. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza.

Dada, ni mama huyuhuyu aliyetushonea viraka kwenye jaketi zetu! Wewe ndiwe uliyelivumbua ghala lile, ukalifagia popo na mavi yao, ukaanzisha kikundi, ukanishikisha gitaa la besi na kuniambia nipayuke maneno yangu mwenyewe. Mbona hakulalamika wakati ule? Sasa malalamiko yake yamepanda kwa Bwana Mkaguzi, mkuu wa kitengo chetu, na akiyathibitisha, mlango wa ghala utapigwa kufuli la halmashauri. Mwenzangu jasiri angeyapoteza malalamiko hayo. Mimi niliyapeleka kwa mikono miwili.

Tafadhali mwandikie mama. Wewe anakusikiliza.

Ndani ya bahasha nimeweka kanda ya mazoezi yetu. Sikuandika jina juu yake, unanijua, nisije nikakutwa nayo. Wimbo wa kwanza ni mpya, unaitwa "Njoo Kesho." Msikilize mpiga ngoma mpya, kisha uniambie ukweli. Yeye huanza kila wimbo kwa kuhesabu kwa sauti. Hana ile hodi yako ya kugonga ukingo wa ngoma mara tatu, kama mgeni mlangoni. Wote tunaikosa.

Mdogo wako,
Karani


Ijumaa, 7 Juni

Dada,

Nimekwisha.

Unajua kwamba mimi ndiye ninayepiga chapa kumbukumbu za vikao, kwa kusikiliza kanda. Wiki iliyopita nilibeba nyumbani kanda ya Kamati ya Mifereji, niimalize huko, kwa sababu naogopa sana kuchelewesha kazi. Ilikuwa nyeusi, haina maandishi. Na ya kwetu nyeusi, haina maandishi. Woga wangu ndio ulionichongea, maana kanda yenye jina haipotei.

Leo asubuhi Bwana Mkaguzi akataka kusikia maneno halisi ya mwenyekiti kuhusu kalavati. Akaiweka mwenyewe kwenye mashine, akaongeza sauti ili wote tusikie. Ikatoka sauti yangu:

"NJOO KESHO! DIRISHA LIMEFUNGWA! MUHURI UMELALA! NJOO KESHO!"

Mwanamke aliyekuwa dirishani akarudi nyuma. Tarishi akashika ukuta. Bwana Mkaguzi akainua miwani, akauliza taratibu, "Huyu ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Mifereji?"

Wote wakaikodolea macho mashine.

"Karani, nani huyu?"

"Sijui, bwana," nikasema. "Labda redio imeingiliana."

Hakuizima. Aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, dada, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza hotuba. Kisha akasema, "Huyu kijana apewe maji ya kunywa. Lakini hajasema uongo."

Hawakunitambua. Tangu niingie ofisi hii hakuna aliyewahi kunisikia nikipaza sauti hata kuomba gundi. Ningefurahi, lakini nilirudi mezani nikiwa najichukia. Niliikana sauti yangu mwenyewe, tena iko palepale inapayuka.

Kwa hiyo kanda uliyonayo ni ya kamati. Usihangaike kuisikiliza, irudishe kwa posta ya kwanza. Nyingine nitakutumia.

Bwana Mkaguzi amesema malalamiko ya ghala yatapimwa. Silali vizuri.

Karani


Jumamosi, 8 Juni

Karani, mdogo wangu,

Marahaba. Sijakukasirikia hata kidogo. Mashine huku inasaga mawe kutwa nzima, nani atasikia simu? Tuandikiane. Mwandiko wako nao umenyooka kama foleni ya benki, raha kuusoma.

Nimecheka kuhusu mama dirishani mpaka wenzangu wa bwenini wakadhani nimepandwa na wazimu. Lakini usigombane naye. Ana sababu zake. Na ghala usikubali lifungwe. Najua hayo mambo mawili hayakai chungu kimoja, ila nakuambia yote mawili.

Kanda nimeisikiliza, nimerudia tena na tena. Mmekomaa! Yule mpiga ngoma ana mkono, hasa pale mwanzo. Mmepunguza mwendo kidogo, si vibaya, mmekuwa wazito. Wimbo wa kwanza mrefu kuliko kawaida yetu, lakini haunichoshi. Nani kasema panki lazima ikimbizwe kama mwizi?

Jambo moja, na usinicheke. Ukiwa ghalani weka pamba masikioni. Na usisimame karibu na matoazi. Weka pamba, nimesema.

Nyundo


Ijumaa, 14 Juni

Dada,

Barua zetu zilipishana njiani. Sasa umeshaipata yangu ya tarehe 7, nawe unajua ulichokisifia. Mwanzo wa kanda ile ni mwenyekiti anakohoa. Baada yake ni mzee mmoja anayebisha kwamba kalavati la mtaa wa juu lilijengwa likitazama upande usiofaa. Huyo ndiye mpiga ngoma mwenye mkono.

Ningeweza kucheka. Nimejaribu. Lakini sisi tulikubaliana jambo moja tangu siku ya kwanza, kwamba mtu akikupa kanda yake, unaisikiliza, hata kama ni mbaya, hata kama imerekodiwa ndani ya pipa. Tulipokea kanda za watu tusiowajua, zikaja na vijarida vyao vya fotokopi vinavyochafua vidole, nasi tukazisikiliza zote na kuwajibu. Wageni kabisa! Mimi ni mdogo wako, na hukuifungua hata kidogo, kisha ukaniandikia sifa za uongo, kama tunavyowajibu watu dirishani.

Simu hupokei. Kanda husikilizi. Unaniambia nisigombane na mama na niweke pamba masikioni, kama shangazi. Ni wewe uliyesema mtu akianza kuogopa kelele amekwisha kuwa mtu mzima? Basi hongera.

Kama umeichoka Msumari Moto, ungesema tu. Nisingekulazimisha.

Karani


Alhamisi, 20 Juni

Mdogo wangu,

Niliisikiliza. Niliweka kiganja juu ya spika, nikahisi mtetemo, nikajiambia: wamepunguza mwendo.

Sisikii, Karani.

Sikio la kushoto lilianza kuondoka kabla sijahama, nikadhani ni nta. La kulia limefuata huku. Daktari ananiuliza ni ngoma au ni mashine ya kokoto, ananiuliza mimi, kama vile mimi ndiye niliyesoma. Mwisho akasema ni vyote viwili, na kilichokwenda hakirudi. Nasikia bado vitu vizito, lori likipita, mlango ukibamizwa. Maneno ya watu nayasoma midomoni. Kwenye simu hakuna midomo.

Mama anajua. Alikuja kunitembelea bila taarifa mwezi wa nne. Alisimama mlangoni akaniita, akaita tena. Nilikuwa nimempa mgongo naosha vyombo, bomba linamwagika, maji yamejaa sakafuni, nami nimesimama ndani yake kama kiboko. Aliponigusa bega nilimrushia sahani. Hakulia pale. Alipiga deki kwanza.

Nilimwapisha asikuambie. Nilijua ukiambiwa utaacha kupiga, wewe hata upepo ukivuma unafunga vifungo. Na ukiacha, utabaki karani, Jumatatu mpaka Jumatatu, mtu wa "ndiyo bwana." Ghalani tu ndiko nilikowahi kukuona umenyooka mgongo. Kwa hiyo nilinyamaza. Mama naye, kwa kuwa alizuiwa kusema, akatafuta njia ya kulifunga ghala bila kukueleza. Tumekufanyia vibaya sote wawili, kila mmoja kwa mapenzi yake.

Unakumbuka sheria yetu? Mtu akianguka katikati ya watu wanaorukaruka, muziki hausimami, lakini mikono yote inamwinua. Mimi nilianguka nikajikunyata pembeni, nikasema niko sawa. Ndilo kosa langu. La kanda nisamehe, nilikuwa naona aibu.

Mama nimemwandikia kwamba nimekuambia. Kiapo kimekwisha.

Kanda ya kamati iko ndani ya bahasha hii. Msalimie mzee wa kalavati. Ana mtetemo mzuri.

Nyundo


Jumapili, 23 Juni

Kwako binti yangu,

Barua yako nimeipata. Umefanya vyema kumwambia. Toka juzi mdogo wako haongei, anakula mpaka sahani inang'aa, nami sijui lipi baya zaidi.

Unaniomba niende nikafute malalamiko. Siendi. Nilizaa watoto wawili wenye masikio manne. Yamebaki mawili. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?

Unasema mna sheria ya kuinuana. Nzuri. Wewe ulipoanguka nani alikuinua? Nilikuinua mimi, na deki nikapiga.

Jumapili ijayo wanakuja kupima kelele. Watapimia kwangu dirishani. Wewe baki huko, usijichoshe na safari, hakuna utakachokisikia. Nisamehe kwa neno hilo. Nimeliandika na sitalifuta, maana ndilo linaloniamsha.

Mama yako


Jumatatu, 24 Juni

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, kila nikianza naona aibu. Nilikuita shangazi.

Ghalani jana niliweka pamba. Nikawaambia wenzetu wote, na nikawaeleza sababu. Mpiga ngoma mpya aliacha vijiti akaenda kusimama nje. Aliporudi alikuwa na pamba. Tukapiga, lakini mimi kila toazi likilia niliwaza, hili lilikula sikio lako, na hili, na hili. Nilikosea "Njoo Kesho" katikati, wimbo wangu mwenyewe.

Sasa sikiliza balaa. Bwana Mkaguzi atakwenda kupima Jumapili hii, na amenichagua mimi nimbebee kipima kelele. "Wewe ni mtulivu," amesema, "huwezi kukitikisa." Utaratibu ni kwamba tunasimama kwa mlalamikaji. Kwa hiyo nitaingia chumbani kwa mama yangu kama mgeni, nishike mashine inayopima wenzangu, huku besi yangu ameishika mtu mwingine. Mshale ukivuka alama nyekundu, kufuli.

Hajui kwamba ni mama. Hajui kwamba ni mimi. Nikimwambia, kazi imekwenda. Nisipomwambia, sijui kilichobaki cha kuitwa mimi.

Na lililo baya zaidi, siku hizi sina hakika mama amekosea. Nakaa upande wake usiku, upande wako asubuhi. Niambie nifanye nini. Najua barua haitafika kwa wakati. Niambie tu.

Karani


Jumatatu, 1 Julai

Dada Nyundo,

Jana tulipata dakika chache tu kabla basi lako halijaondoka, na wewe ulitumia zote kunipiga makonzi ya furaha. Kuna mambo hukuyaona kwa sababu ulikuwa ghalani, na mama yuko radhi nikuandikie. Amesoma hata ukurasa huu wa kwanza.

Habari za ofisi kwanza. Ghala halitafungwa. Mimi nimeondolewa dirishani na kupelekwa masijala, chini kabisa, kwenye majalada ya zamani. Bwana Mkaguzi alisema, "Karani anayemwandikia mama yake malalamiko dhidi yake mwenyewe, halafu akayapima mwenyewe, sijui nimpandishe cheo au nimfukuze. Acha kwanza nikuhifadhi." Huko chini hakuna mtu. Nikipanga majalada naimba kwa sauti yangu yote, na ukuta haulalamiki.

Sasa ya chumbani.

Tulipoingia, mama alikuwa ametuandalia. Alikuwa ameisogeza dirishani ile cherehani kubwa ya chuma, ya kushonea turubai, si ile ya magauni. Akatukaribisha, "Karibuni, wageni," akakaa, akaanza kukanyaga. Dada, unaijua cherehani ile. Vikombe vilikuwa vinatembea mezani. Nilishika kipimo, mshale ukaruka moja kwa moja ukavuka alama nyekundu. Na ghalani walikuwa hawajaanza!

Bwana Mkaguzi akamwambia, "Mama, ungeipumzisha kidogo."

"Mteja wangu anakuja kuchukua mzigo wake. Nyinyi pimeni, mimi nishone, kila mtu na kazi yake."

Unajua watu wanavyomwogopa. Bwana Mkaguzi akakuna shingo, akasubiri, akachungulia mshale, mwisho akatoa kalamu. Nikasema, "Bwana, samahani." Hakusikia. Nikasema tena, "Bwana." Kalamu imeshagusa karatasi. Ndipo ikanitoka ile sauti nyingine, sikuiita:

"MAMA! SIMAMISHA CHEREHANI!"

Kalamu ilimdondoka. Alinigeukia polepole, kidole kimenielekea kifuani.

"Njoo kesho," akasema. "Ni wewe."

"Ni mimi, bwana. Huyu ni mama yangu mzazi. Na wanaopiga ghalani ni wenzangu. Mshale huo ni wa cherehani."

Mama hakusimama. Alikanyaga vilevile, machozi yanamshuka mpaka kwenye turubai, akanijibu juu ya kelele zake mwenyewe.

"Unanipayukia? Payuka! Mmoja ameshaniharibikia. Wa pili nisimpiganie? Niambie wewe uliyesoma!"

Nilitia mkono mfukoni, nikamwonyesha pamba yangu. Nilikuwa nimeishika kiganjani kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Aliitazama, akaendelea kukanyaga.

Hatukujua kwamba umekuja. Alikuwa amekukataza, nami sikupata jibu lako. Wenzetu wameniambia leo kwamba uliingia kwa mlango wa nyuma, ukavua viatu, ukaweka unyayo juu ya spika ya besi, ukaomba vijiti. Sisi kule hatukujua lolote. Tulisikia tu, katikati ya cherehani, kitu kidogo kutoka ghalani.

Tok. Tok. Tok.

Ukingoni mwa ngoma.

Mguu wa mama ukasimama. Gurudumu la cherehani likazunguka peke yake kidogo, likalegea, likatulia. Nikasikia saa ya Bwana Mkaguzi mkononi. Kisha mkaanza, mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama chini ya alama nyekundu, ukabaki hapo wimbo wote. Bwana Mkaguzi aliinama akaokota kalamu yake, akaandika alichokiona.

Mama hakutazama mshale. Alikuwa amegeuza uso dirishani, mikono imekaa juu ya turubai. Nilimsikia vizuri, kwa sababu nilikuwa karibu naye, na wewe nakuandikia kwa sababu usingeweza kumsikia.

Ulipogonga ile ya tatu, alisema, "Karibu, mwanangu."

Mdogo wako,
Karani